Bwawa la Eudoro

Mume wangu Eudoro alikuwa amekwisha kuchimba mabwawa mawili, na yote mawili yalimkaukia. Nilipomwona anatoka tena na sururu, nilimwuliza kama kichwa chake ni kizima.

"Zoila, safari hii naweka udongo wa mfinyanzi," alisema. "Ng'ombe wataukanyaga mpaka ushikane."

Tunaishi kisiwa cha Isabela, kwenye mteremko wa volkeno ya Sierra Negra. Mvua hutunyeshea miezi mizima mpaka nguo zinaota ukungu kabatini, lakini kijito hakuna hata kimoja. Kiangazi kikiingia, ng'ombe wanasimama mlangoni wananitazama, kana kwamba maji nimeyaficha mimi.

Binti yetu Marisela alisomea miamba mjini Guayaquil, na sasa anafanya kazi ya kuuchunguza huu mlima wetu. Alikuwa amemweleza baba yake mpaka sauti ikamkauka.

"Baba, zaha ya hapa, yale mawe yaliyoyeyuka yanayotoka mlimani, ni nyepesi, inatiririka kama uji. Ilitambaa mbali, ikapoa, nyingine ikaja juu yake. Ndiyo maana mlima ni mpana hivi, haukuchongoka. Ni tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina nyufa. Maji yanapenya yote, yanakwenda kutokea pwani."

"Basi mimi nayazuia kabla hayajafika huko."

"Mama, sema naye wewe."

"Nisemeje, mwanangu? Hilo nalo ni jiwe."

Mwezi wa Machi bwawa likajaa. Eudoro akaleta mabata, na Jumapili akamwalika jirani yetu Baldomero aje ashuhudie. Nikapika wali na samaki, nikavumilia majigambo.

Tulikuwa bado tunakula tuliposikia mngurumo, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Baldomero akanyoosha kijiko kuelekea bwawani. Maji yalikuwa yanazunguka katikati ya bwawa, yanashuka. Mara mabata wakawa wamesimama kwenye matope, wanapiga kelele.

"Limetoboka!" Eudoro akapaza sauti. Alinyakua mto wa kiti changu, akakimbilia bwawani kwenda kuziba tundu.

"Rudi, we mwanaume! Eudoro!"

Alipiga hatua chache tu, sakafu ya bwawa ikaporomoka, akazama nayo.

Sikumbuki niliruka vipi ukingo. Baldomero alinishika kiuno nisiingie shimoni. Niliita jina la Eudoro, nikaita tena.

Kisha sauti ikatoka chini: "Zoila! Humu mna barabara!"

"Umeumia?"

"Kifundo cha mguu. Lakini njoo uone, hata lori linaweza kupita humu!"

"Maji yapo?"

Nikamsikia akipapasa chini. "Hayapo."

Nikaketi kwenye matope na gauni langu la kanisani, nikalia na kucheka kwa pamoja.

Marisela, aliyeitwa na Baldomero, alifika na ngazi na kamba. Alishuka, akamfunga mguu, halafu badala ya kumpandisha baba yake akaanza kumulika kuta kwa tochi, furaha tele.

"Ni handaki la zaha, mama! Juu paliganda, ndani ikaendelea kutiririka mpaka ikaisha, pakabaki wazi. Baba, zaha yenyewe haikukaa humu. Sembuse maji?"

"Ungeniambia mapema," alisema Eudoro.

"Baba!"

"Mpandisheni huyo kabla sijamfukia humo humo," nikasema.

Eudoro alilala mguu juu mpaka uvimbe ukaisha. Mimi na Marisela tukafunga mifereji kwenye paa na kuweka matangi ya kukinga maji ya mvua, huku mwenyewe Eudoro akitoa amri kutoka dirishani. Eti mfereji umepinda. Ulikuwa umepinda kweli, nami nilimwambia afunge mdomo.

Mvua ilipokuja nilimpelekea kikombe cha kwanza cha maji ya tangi. Alikunywa taratibu, akakunja uso.

"Yana ladha ya bati," alisema.

Nikakichukua kikombe, nikaenda kumpa ng'ombe.