Miwa Iliyopikwa Shambani

Moto ulikuwa umeshakula mistari ya juu nilipofika na jembe. Donatien, mume wangu, alisimama pembeni na viatu vyake vya kiwanda cha sukari miguuni, mikono kiunoni, akitazama miwa yetu ikipasuka na kulia kama ngoma ya harusi ya watu wengine. Nilikata njia katikati ya shamba, nikavuta majani makavu huku na huku, mpaka moto ukakosa cha kutafuna. Tumbo langu lilikuwa tayari linanitangulia kila nilipoinama.

“Kule Sange tunachomaka,” akaniambia moshi ulipopungua. “Majani inaisha, nyoka inakimbia, kukata inakuwa kazi ya asubuhi moja. Weye unatandikia miwa kitanda.”

“Muwa ukikatwa unazaa tena,” nikamjibu. “Mwenye kuzaa anatandikiwa. Weye umemulaza mu jivu.”

Kwetu Nyantende, mwanamke anayeolewa hupimwa kwa kitunga. Kila asubuhi anakipandisha mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anapeleka shambani mavi ya ng'ombe, majani ya migomba, takataka za uani. Kwa nini? Mama mkwe alifanya, nami nikafanya. Tulipopanda miwa, nikaitendea kama migomba: majani yake nikayalaza chini yake yaoze hapohapo. Sikuwa na elimu nyingine.

Donatien alikuwa na yake, na aliipata kwa jasho. Tulikuwa tumeishi katika kambi ya wakata miwa kule bondeni, karibu na Sange, yeye na panga, mimi na mbu. Huko nilimwacha kaburini Constance, mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa amejifunza juzi tu kucheka chafya zake mwenyewe. Homa ya bondeni haiwapendi watu wa mlimani. Tulipopanda kurudi nyumbani tuliwekeana neno: miwa ikitulisha hapa, tunabaki, ikishindwa, tunashuka tena.

Nilibaki mimi. Yeye alikaa tu, kama mgeni. Viatu vyake aliviweka mlangoni, ncha zikitazama barabara, na kigoda chake hakikuwahi kuingia ndani hasa. “Viatu yako iko kama basoda,” nilimtania nikivipigia saluti ya askari, “inangojea tu amri.” Alicheka, nami nikacheka. Lakini kila nilipovipita, mtoto tumboni alijikunja.

Alichoma kwa sababu ya haraka. Sikukuu ya Bikira Maria ilikuwa imekaribia, siku ambayo watu wa Bukavu hununulia watoto miwa baada ya misa. Tukaibeba mpaka soko la Kadutu. Eulalie, mwanamke aliyekuwa akinunua miwa yangu tangu mwanzo, akapitisha kidole juu ya muwa mmoja, akakitazama kilivyokuwa cheusi.

“Maman Apolline,” akaniita kwa jina langu mwenyewe, “bwana yako amepika miwa? Basi ongeza chumvi kidogo, tule na bugali.”

Soko lote likacheka. Na kweli: kule bondeni muwa unaenda kwenye mashine, na mashine haina shati jeupe la misa. Huku unaenda kwenye meno ya mtoto. Nilicheka kabla hawajamaliza. Kambini nilikuwa nimejifunza kwamba anayejicheka mwenyewe hapigwi mara mbili. Donatien hakucheka. Tulirudi na mizigo karibu yote, na njiani ilikuwa imeanza kunuka pombe.

Ningesahau miwa ile, kama mvua isingekuja.

Upande wa chini wa njia niliyoikata, tulikovuna bila moto, maji yalipotelea kwenye majani bila kelele. Ukifunua, udongo ulimeguka vidoleni kama kiazi kilichoiva, na nyungunyungu wakakuonea haya. Kule juu, matone yaliugonga udongo mtupu mpaka ukafanya ganda. Maji yakateleza juu yake, yakachukua jivu, kisha yakauchukua ule udongo mweusi wenyewe, yakaujaza kwenye mtaro tuliochimba kwa amri ya wazungu wa serikali. Machipukizi ya chini yalikuwa ya kijani kizito. Ya juu yalikuwa na rangi ya wagonjwa.

Donatien akapiga jembe. Likaruka.

“Udongo imekufa,” akasema. “Kusanya vitu. Tunarudi Sange.”

“Sange iko na mutoto yangu moja,” nikamwambia. “Haitapata ya pili.”

Alinitazama, akaitazama barabara, akalitazama tumbo. Kisha akainama akachukua kitunga changu. Akakijaza majani ya kipande cha chini, akaweka kamba kwenye paji lake, mwanaume mzima, saa ya mchana, akashika njia ya kwenda kipande cha juu, inayopita mbele ya nyumba ya Papa Philémon, wanakonywea kasiksi, pombe ya ndizi.

“Karibu, mama,” Philémon akamwita, na walevi wake wakainua vichwa. “Unazaa lini?”

“Udongo ikianza kunywa kama weye,” Donatien akamjibu, bila kuishusha kamba.

Udongo hauna haraka ya mtu. Alikata bila moto, akatandika, akabeba mavi ya ng'ombe, akatandika tena. Viatu vilibaki mlangoni. Kila mvua ilipoanza alisimama hapo kusikiliza kipande cha juu kikiongea, maji yakiteremka kama watu wanaotoka misa. Sikumtania tena juu ya viatu. Kuna mizaha inayomwamsha aliyeanza kusinzia.

Binti yetu alizaliwa mlimani. Alikuwa tayari anatembea alasiri ile mvua ilipotushukia, nzito, na Donatien akainamisha kichwa.

“Imeacha?” akaniuliza.

“Toa mukono, uone.”

Akautoa nje ya paa. Ukalowa mpaka kiwiko. Mvua ilikuwa inamwagika. Kilichonyamaza ni kipande cha juu: kilikuwa kinakunywa. Alisimama hivyo, mkono nje, mpaka mtoto akamvuta suruali. Ndipo akaokota viatu, akavigonganisha tope la zamani litoke, akaingia navyo, akavisukuma chini ya kitanda.

Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Sikuinua kichwa.