Bibi Harusi Ashuke

Nguo ya kuazima inasitiri, tena inasitiri vizuri sana. Anayebaki uchi ni yule aliyeiazimisha. Mimi najua, kwa sababu nina Mercedes, na nina ukoo.

Gari langu ni la mwaka 1998, bluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi, viti vya ngozi, injini ya silinda sita. Nililinunua kwa Mahamudi, muuza vitambaa, aliyekuwa amelichoka na kutaka jeep kama kila mtu mwenye akili hapa Goma. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Ukitoka tu kwenye lami unakanyaga lava iliyoganda, yenye meno. Kuwa na gari la chini hapa ni ukaidi, nakubali. Lakini mimi ni mkaidi anayejua kazi yake.

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani, kwa hiyo vipuri vyangu huvuka mpaka kutoka Kigali bila kupotea njiani. Kila Jumamosi niko Birere kwa fundi Buhendwa, nimevaa ovaroli yangu mwenyewe. Kichujio cha hewa nakifungua kila baada ya wiki mbili, maana vumbi letu jeusi halina huruma. Mafuta ya gia nimeyabadilisha mara mbili, ingawa kila mjuaji aliniambia kwamba ya gari hili hayabadilishwi. Asubuhi naliwasha, nalisikiliza dakika nzima kabla ya kuondoka. Likikohoa, nabaki.

Buhendwa amenishauri mara kumi tuweke raba kwenye springi ili lipande juu.

"Héritière, mama yangu, vidole vine tu. Utapita fasi yote."

"Na kwenye kona litayumba kama mulevi. Apana, fundi. Nitachagua njia."

Ninachokiogopa ni kitu kimoja: karteri, lile bakuli la alumini chini ya injini linaloshika mafuta. Jiwe likilipasua, mafuta yanamwagika, injini inajisaga yenyewe, na gari limekwisha kuwa banda la kuku.

Basi, wiki tatu kabla ya ndoa ya binti yake, akaja Papa Kambere, mdogo wa marehemu baba yangu. Alikuja na jogoo mkononi na mwanawe Henri nyuma yake.

"Mutoto yangu, dada yako Daniella anaolewa. Gari yako ndiyo itatangulia."

"Itatangulia, papa. Ila naendesha mwenyewe. Na haitoki kwenye lami. Jeep yako imulete Daniella mpaka barabara kubwa, hapo ndipo apande kwangu."

Henri alicheka. "Bibi harusi aendeshwe na mwanamuke? Batu batasema kwetu hakuna vijana."

"Baseme. Funguo ziko na mwenyewe."

Papa Kambere alininyooshea mkono, nikaushika. Kwetu, watu wa Butembo, magunia mia ya maharagwe huuzwa kwa mkono tu, bila karatasi. Nikaridhika.

Siku ya ndoa, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimeegesha kwenye lami, gari linang'aa. Utepe mweupe niliufunga kwa uzi, maana gundi hubandua rangi. Simu ikalia.

"Ingia nayo mpaka nyumbani," alisema Papa Kambere.

"Papa, tulisema nini?"

"Tulisema, tulisema! Bakwe bamekwisha kufika, majirani bote bako inje. Banaambiwa Mercedes, na habaioni. Unataka nipate haya?"

Nikasikia simu inabadili mkono. Daniella. "Yaya, dada yangu mukubwa, njoo tu. Nakuomba."

Nililiacha gari, nikaipima kwa miguu ile njia ya Katoyi iendayo kwa Papa Kambere, na kitenge changu cha sherehe nimekikunja magotini. Katikati ya njia, lava ilikuwa imenyanyuka kama uti wa mgongo wa ng'ombe, upana mzima wa barabara. Nikachuchumaa, nikapima kwa kiganja. Gari tupu lingepita na nafasi ya vidole vitatu. Gari lenye watu wanne lingekaa juu ya jiwe.

Nikaingia peke yangu, polepole, nikafika. Vigelegele vikapigwa. Papa Kambere alitembea kulizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama amelizaa yeye.

Nikawaambia palepale uani, kwa sauti ambayo hata wakwe walisikia: "Kutoka, pale kwenye mawe mutashuka. Au Daniella apande jeep sasa hivi."

"Endesha, mama. Endesha," alisema Papa Kambere, na kukaa mbele. Daniella na mama yake wakakaa nyuma, gauni limejaa mpaka madirishani.

Nilipofika kwenye ule mgongo nikasimama, nikavuta breki ya mkono.

"Mushuke."

"Nani ashuke?" aliuliza Papa Kambere.

"Bote, papa. Ni hatua makumi tano."

"Na bibi harusi?" Mama mdogo, mke wake, alishika kifua.

"Bibi harusi ashuke."

Nyuma yetu jeep saba zilipiga honi kwa pamoja. Henri akaja mbio, tai begani. "Leta funguo! Ukiipitisha na mbio, inaruka!"

"Ruka weye."

Daniella ndiye aliyefungua mlango kwanza. Alikunja gauni kwa mikono yote miwili, lakini gauni lilikuwa refu, na vumbi jeusi halingoji ruhusa. Kisigino kimoja kikavunjika. Mwanamke mmoja kwenye uzio akapaza sauti: "Ee! Gari iko na cheo kuliko bibi harusi!" Watu wakaangua kicheko. Daniella hakucheka. Alimshika baba yake mkono, akachechemea juu ya mawe, uso umefungwa.

Nilipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, dirisha wazi, sikio chini. Kwaruzo moja fupi, kwenye bomba la moshi. Karteri haikuguswa.

Wakapanda tena. Nikawafikisha parokiani. Tulichelewa dakika ishirini na tano, na katika picha zote chini ya gauni kuna mstari mweusi wa upana wa kiganja.

Jumapili iliyofuata niliitwa kwa Papa Kambere. Ukoo ulikuwa umejaa sebuleni, maharusi wenyewe wamekaa kochi la katikati.

"Ulimushusha dada yako kwenye mawe sababu ya chuma," alisema Papa Kambere. "Utaomba musamaha mbele ya bote, utaleta mbuzi, tumalize."

"Na jeep zote saba zilipita," alisema Henri.

"Zilipita. Sasa mbona Daniella hakupanda jeep?"

Wajomba wakatazama zulia. Daniella ndiye aliyesema, taratibu.

"Yaya, niambie kweli. Ungenishusha tena?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa ameomba kwa upole, na nampenda.

"Ningekushusha tena. Gauni nimelifua mara tatu, nitalifua ya ine, kwa sababu weye ni dada yangu. Lakini ningekushusha."

Alitikisa kichwa, akashika mkono wa mume wake. Sikujua kama amenielewa au amenikata. Sijui mpaka leo.

"Unaona?" Papa Kambere alisimama. "Hana hata haya! Héritière, nangoja neno lako."

Nami nikasimama, kwa heshima, maana ni baba yangu.

"Papa, ulinipa mukono, na ukauvunja mbele ya majirani. Nilikwambia barabarani, nikakwambia uani, nikakwambia mbele ya bakwe. Ulitaka gari ionekane, nayo imeonekana. Mbuzi sileti. Musamaha siombi, leo wala kesho."