Mbwa Abaki na Viatu

TANGAZO KWA WATEJA WOTE. Idara Kuu ya Viatu imevizuilia viatu vyote vilivyoachwa mlangoni. Wenyewe wanaombwa kutembea bila msaada wa viatu hivyo, washikwe mkono, na wasilalamike, maana ni leo tu.

Idara Kuu ilikuwa na mtumishi mmoja. Aliitwa Narae, msichana wa miaka kumi na sita, mwenye ruhusa fupi kutoka shule ya bweni. Wakati huo alikuwa amechuchumaa nyuma ya mgahawa mmoja mjini Jeonju, nchini Korea, katikati ya mitungi mikubwa ya kuchachushia maharage, akiandika tangazo hilo kwa rangi ya mdomo. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, lakini kilichomchoma hakikuwa baridi. Ilikuwa hasira.

Ukoo mzima ulikuwa umekuja kusherehekea miaka sabini ya Bibi. Bibi alitangulia ndani. Wengine wakavua viatu kwenye jiwe la mlangoni na kupanda kwenye sakafu yenye joto. Wa mwisho alikuwa Dasom, dada yake Narae, asiyeona, pamoja na Nurungji, mbwa wa kumwongoza, aliyepewa jina la ukoko wa wali kwa ajili ya rangi yake. Mama Pyo, mwenye mgahawa, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Mbwa haingii."

"Huyu yuko kazini, Mama. Ndiye macho yangu," alisema Dasom. "Sheria inakataza kumzuia, iwe mgahawani, hotelini au kwenye basi. Ukimzuia bila sababu ya haki, unatozwa faini."

"Sheria wameiandika watu wasiofagia manyoya. Wageni wangu wanakaa chini, na huyo miguu yake haivuliwi."

"Nina kitambaa. Nitaifuta yote minne."

"Mfunge hapo, abaki na viatu. Wewe utashikwa mkono."

Kwenye kioo cha mlango, juu kidogo ya kichwa chake, palibandikwa picha ya mbwa mwenye mkanda wa kazi na maneno: Mbwa wa kuongoza wasioona, karibuni. Mama Pyo aliibandika siku maofisa wa wilaya walipokuja kula.

Narae alimgeukia Baba Mkubwa, mwenye tai na sauti ya kuamrisha, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipia ada. Alitegemea radi. Alichopata ni mnong'ono.

"Dasom mwanangu, usituaibishe. Leo tu."

"Kila siku ni leo tu, Baba Mkubwa." Dasom akaketi kwenye benchi la nje, Nurungji akalala miguuni pake, na simu ikatoka kuwapigia watu wa wilaya.

Ndani, Bibi aliuliza mjukuu wake yuko wapi.

"Ana mafua, Mama. Hakuja," alijibu Baba Mkubwa, akimtupia Narae jicho lililosema: ada ya shule.

Narae akasema anakwenda msalani. Hapo ndipo Idara ilipozaliwa. Alipokuwa akizoa viatu, Dasom aliondoa simu sikioni.

"Nani?"

"Mhudumu," alijibu Narae kwa sauti nzito.

Lakini hata hajalibandika tangazo, kelele zikalipuka mbele. Alichungulia. Wageni wa meza nyingine, waliotaka kuondoka, walikuwa wamesimama na soksi kwenye jiwe la baridi.

"Nilisema mimi!" Mama Pyo alikuwa akipiga makofi. "Mbwa wenu kabeba viatu vya watu! Mmeona sasa?"

Na Baba Mkubwa, yule aliyekosa neno la kumtetea Dasom, sasa alikuwa na maneno tele. Aliinama hadi tai ikaning'inia. "Samahani sana, Mama. Tunamwondoa sasa hivi." Akaukamata mkanda wa Nurungji.

"Mwachie!" Dasom alisimama. "Hakuna anayeyashika macho yangu bila ruhusa!"

Narae alitaka kuwakomoa, kumbe amewapa ushahidi. Kesho Mama Pyo angewasimulia jirani zake, na Dasom angefungiwa mlango mwingine kwa kosa la mdogo wake.

"Mhudumu," aliita Dasom bila kugeuka, "jitokeze. Unanuka maharage yaliyochacha mpaka huku."

Narae akajitokeza, rangi ya mdomo mkononi. Wakati huohuo mlango wa chumba ukasukumwa. Bibi alikuwa kwenye kichwa cha meza na kijiko chake hewani. Hakuna aliyekuwa ameonja kitu, kwani nani hula kabla ya mkubwa?

"Mwenye mafua ni yupi hapo?" aliuliza.

Bibi akakilaza kijiko mezani.

"Nitakishika Dasom akikaa kulia kwangu, na macho yake yakilala chini ya meza. La sivyo, poeni na supu yenu."

Mama Pyo aliitazama supu, kisha simu ya Dasom, iliyokuwa bado ikisema: "Haloo? Mgahawa unaitwaje?" Akauachia mlango. Dasom akaifuta miguu minne, mmoja mmoja, bila haraka. Samahani zote zilikuwa zimekwenda kwa Mama Pyo. Dasom hakuambiwa hata moja.

"Na viatu viko wapi?" Baba Mkubwa alifoka.

"Ni mimi," alisema Narae. "Nurungji hakugusa kitu. Viko kwenye mitungi mitupu huko nyuma. Vyote." Akaifunika rangi ya mdomo. "Isipokuwa vyako, Baba Mkubwa. Mtungi nilimovitia haukuwa mtupu. Nilijua."