Paka Aliyeikimbia Nyumba ya Mabati

Mutie alipopata kazi ya reli kule Makindu, kitu cha kwanza alichofanya ni kumjengea mkewe Mutindi nyumba ya mabati. Mwaka huo wa 1934, upande wetu wa Kanyangi, ukitoa kanisa na duka la Mhindi, hapakuwa na nyingine kama hiyo. Watu walikuja kutoka mbali kuiona iking'aa. Mbinya, mke wa Kiema, kaka mkubwa wa Mutie, alibaki katika nyumba yake ya nyasi ng'ambo ya uwanja, na wiki nzima hakuja kuitazama.

"Macho yananiuma," alisema.

Mutindi alijua kinachomuuma si macho.

Mutie alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Safari moja alileta paka mdogo wa kijivu ndani ya kikapu, wakamwita Stesheni. Mutindi hakuwa amejaliwa mtoto bado, hali Mbinya alikuwa na watano. Basi paka huyo ndiye aliyekula naye, ndiye aliyelala miguuni pake, ndiye aliyesikia habari zake zote.

Mvua za mwisho wa mwaka zikakosa kunyesha. Kufikia mwezi wa pili, mabati yalikuwa yakitatarika kwa joto toka asubuhi, na ndani ya nyumba hewa ilikuwa kama ya tanuri. Kila siku jua likipanda, Stesheni alivuka uwanja akaenda kwa Mbinya. Huko paa la nyasi lilikuwa nene, sakafu ya udongo ilinyunyizwa maji kidogo, na mtungi mkubwa ulikaa pembeni juu ya mchanga mbichi. Paka alijinyoosha kando ya mtungi, tumbo kwenye mchanga, akalala hadi jioni.

"Karibu, mgeni wangu," Mutindi alimsikia Mbinya akisema kwa sauti ya kusikiwa. "Kumbe huko kwa matajiri hakuna kivuli?"

Watoto wakacheka. Mutindi akaingia ndani, akaketi kwenye joto lake, moyo ukimchoma kuliko bati. Alijaribu kumhonga paka kwa maziwa ya mbuzi. Stesheni aliyanywa yote, akajilamba, akavuka uwanja.

Siku moja Mutindi alimshika, akamtia ndani na kufunga mlango na dirisha.

"Leo utajua kwenu ni wapi," akamwambia, akachukua kibuyu akaenda mtoni.

Maji yalikuwa yakichimbwa mchangani, na foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi jua lilikuwa limepita utosi. Alifungua mlango akamkuta Stesheni amelala ubavu, mdomo wazi, ulimi nje, akihema mbiombio. Alimwita. Hata sikio halikutikisika.

Mutindi alimbeba, kibuyu bado mkononi, akasimama mlangoni. Akatazama nyumba ya Mbinya. Kisha akakimbia.

"Dada! Dada Mbinya, anakufa!"

Mbinya alitoka mbio. Alimpokea paka, akamlaza kwenye mchanga mbichi. Mutindi akainua kibuyu ammwagie.

"Usimmwagie yote, atashtuka. Lowesha leso."

Walimpangusa masikio, nyayo na tumbo, wakarudia tena na tena, binti mkubwa wa Mbinya akimpepea kwa ungo. Mbinya alichovya kidole majini akamgusa paka midomoni. Baada ya muda mrefu pumzi ikapungua kasi, na ulimi ukalamba kidole.

"Nani alimfungia?" Mbinya akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anakupenda wewe! Una watoto watano, una mume anayelala nyumbani kila siku, na sasa hata paka ni wako."

Mbinya alikamua leso polepole.

"Mimi nikitoka nje asubuhi, mabati yako yananipiga machoni. Nilimwambia Kiema naye akatafute kazi ya reli kama wanaume wengine. Hakunisemesha siku mbili. Paka wako alipoanza kuja, nilifurahi. Si kwamba nilimpenda. Nilifurahi kuona kuna mmoja aliyeikataa nyumba yako."

Hakuna aliyeomba msamaha.

Lakini kesho yake Mbinya alikuja na mundu. Walikata nyasi kavu kando ya mto, wakamwita Kiema apande juu, wakayafunika mabati yote. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu.

Mutie alipokuja mwisho wa mwezi alisimama uwanjani, mzigo begani.

"Nani amenivisha nyumba yangu nyasi?"

"Ingia kwanza ukae," Mutindi akamwambia.

Alikaa tangu saa sita hadi saa tisa. Akanywa uji, akasinzia. Alipoamka alisema tu, "Watu wa reli wasisikie."

Stesheni sasa alishinda nyumbani siku nyingi. Siku nyingine bado alivuka uwanja kwenda kulala kando ya mtungi. Mutindi, akiwa anatwanga, alijifanya hakumwona, ila mchi wake siku hizo ulisikika hadi kwa majirani.