Amri ya Mrehani

Nchi ya Hewala ilipewa jina hilo kwa sababu raia wake hawakuwa na jibu jingine. Mfalme Kiboko akitoa neno, hewala. Akipiga chafya, hewala vilevile. Waliotangulia walisema hewala haigombi, na kweli, hakuna aliyegomba.

Mambo yalikwenda kwa mpango. Ikulu ilikuwa nyeupe, na ili ibaki nyeupe ilipakwa chokaa kila mwezi. Ili chokaa ipatikane, tanuri liliwaka mchana kutwa ubavuni mwa ikulu. Moshi wa tanuri uliichafua ikulu, kwa hiyo ikabidi ipakwe chokaa. Wasomi waliusifu utaratibu huu kwamba haukuwa na pa kuvujia.

Raia tu ndio waliokohoa. Watani wao walianza kulikata jina la nchi katikati: hewa, la.

Bondeni, chini ya tanuri, aliishi mjane Kanga na kifaranga mmoja aliyembakia, Kidoto. Kidoto akivuta pumzi, kifua kinapiga filimbi kama birika. Kanga akapanda barazani kuomba tanuri lizimwe, hata kwa siku mbili, mtoto apumue.

Waziri wa Hewa alikuwa Mbuni. Alipewa wizara hiyo kwa kuwa kichwa chake kilishinda mchangani, na hajasikika hata siku moja akilalamikia moshi.

"Mama Kidoto," alisema, akijikung'uta mchanga, "nani kakwambia ni moshi?"

"Pua, Mheshimiwa."

"Pua si mtaalamu."

Baraza lilicheka kwa kiasi kilichoruhusiwa.

"Kuna mmea unaitwa mrehani," Mbuni aliendelea. "Unameza hewa chafu, unatema safi. Kwa hiyo tatizo letu si moshi. Tatizo letu ni raia wasiopanda."

Mfalme alipendezwa, hasa na hapo kwenye raia. Akatia saini amri jioni ileile: Mrehani upandwe kila penye moshi. Anayekaa karibu zaidi na mmea ndiye atakayeumwagilia. Atakayeung'oa, jela. Atakayekohoa atahesabiwa hakumwagilia.

Kima akafanywa mkaguzi, akapewa daftari. Ukikohoa tu, kichwa chake hiki hapa dirishani: "Umemwagilia?"

Kanga alipanda makopo kumi na manne. Nyumba ikanukia kama chumba cha bibi harusi, na humo ndani Kidoto akaendelea kupiga filimbi. Asubuhi moja filimbi ilikatika katikati, ikakaa, ikakaa tena, ndipo ikarudi. Kanga alikuwa bado amemshika kifua wakati kichwa kilipotokea dirishani.

"Umemwagilia?"

"Udongo huo, gusa."

Kima akagusa. Tope tupu. Akatazama majani, yalikuwa meusi kwa masizi. Akaandika: Umemwagiliwa kupita kiasi. Kisha akakohoa.

"Na wewe unakohoa, Bwana Kima."

"Nakohoa kikazi."

"Haya, nisomee hiyo amri. Mimi sikusoma."

Kima akaanza. Hakufika mbali, Kanga akamshika mkono. "Papo hapo. Kila penye moshi. Hapa kwangu moshi ni mpita njia. Kwao hasa ni wapi?"

Kima alifikiri, kazi ambayo haikuwa na safu katika daftari lake. "Tanurini," alisema.

"Umeshakagua huko?"

"Bado."

"Basi sote tumevunja sheria," alisema Kanga. "Na mimi jela siiwezi, baba. Nina mtoto."

Habari ilizunguka bonde kabla jua halijakolea. Raia wakapanda mlima kwa mstari, kila mmoja na makopo yake. Walinzi walitaka kuwazuia. Wakasomewa amri, wakaenda kutafuta makopo yao. Hakuna aliyepaza sauti. Mtu alifika mdomoni mwa tanuri, akamwaga udongo, akashindilia mche wake, akamwagilia, akasema hewala, akampisha wa nyuma yake. Kufikia alasiri tanuri lilikuwa bustani. Moshi ulitoka mwembamba, ukasitasita, ukaacha.

Mfalme Kiboko, ambaye kwa kawaida hulala mchana, aliamshwa na hewa safi.

"Ng'oeni," aliagiza.

Hakuna aliyesogea. Mbuni alitoa kichwa mchangani kwa muda mfupi tu. "Atakayeung'oa, jela, Mtukufu. Saini ni yako."

"Nani kawaruhusu hawa?"

"Wewe, Mtukufu," alisema Kanga. "Sisi tulisema hewala tu." Mgongoni mwake Kidoto alikuwa amelala kimya, hata ikabidi Kanga ageuze shingo kuhakikisha kama anapumua. Alikuwa anapumua.

Mfalme akaitazama mirehani, akatafuta kwa macho nyumba iliyo karibu nayo zaidi. Ilikuwa nyeupe, na ilikuwa yake. Majivu ya mwisho yakapeperuka, yakamwingia kooni, akakohoa.

Kima, kwa mazoea ya kazi, akafungua daftari.

"Umemwagilia?"