Tundu Kwenye Bodi la Pikapu

Pikapu ilijishika tena pale pale penye makaburi. Loyce alikuwa amepunguza mwendo ili akate kona ya kuingia nyumbani, mguu wake haujagusa breki hata kidogo, mara taa ya njano yenye picha ya gari linaloteleza ikaanza kumkonyeza. Kitu kikagugumia huko nyuma, na injini ikaishiwa pumzi kama mtu aliyekabwa koo. Barabara ilikuwa kavu. Hapakuwa na tope wala mchanga, na nyuma alikuwa amepakia magunia machache tu ya alizeti.

Alute, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa kwenye gogo nje ya ua, anachokonoa meno kwa njiti.

"Kaka anakataa, shemeji," alisema bila kuinuka. "Anaona mali yake inaendeshwa na mwanamke asiye na mtu, anaishika."

"Angetaka kunishika angenishika jikoni," Loyce alisema. "Huko ndiko nashinda."

Alute alicheka, akatema njiti. Loyce alipoteremka, macho ya Alute yakampanda kuanzia miguuni, taratibu, namna alivyozoea kukagua ngozi ya ng'ombe mnadani kabla ya kutaja bei.  Loyce akampa mgongo, akaanza kushusha magunia.

Ngozi ndiyo ilikuwa kazi ya Alute. Tangu serikali iachie biashara, na yeyote mwenye mzani akaruhusiwa kununua, alizunguka minada yote ya huku Kinyangiri, akinunua ngozi mbichi, akizipaka chumvi, akizipeleka kwa matajiri wa mjini. Alirudi na harufu ambayo sabuni haikuiweza. Uhuria huo huo ndio uliomletea Chediel, mume wa Loyce, hiyo pikapu: moja ya magari yaliyokwisha kutumika ughaibuni, yaliyomiminika bandarini kila mwenye akiba kidogo akajichagulia lake. Chediel alimfundisha mkewe kuendesha. Kisha akaugua, akafia hospitali Singida mjini, na Alute ndiye aliyetumwa kwenda na pikapu kuleta maiti.

Siku ile Loyce hakupenda kuikumbuka. Jeneza lilifika jua la mchana, na kabla halijashushwa watu walikwisha kuziba pua kwa kanga. Harufu ilikuwa nzito, ya kuoza, inakaa kwenye ulimi. Chini ya gari, upande wa nyuma, yalidondoka matone ya maji ya rangi ya kutu, nzi wakayavamia, na wanawake wakayamwagia majivu harakaharaka ili mama wa marehemu asiyaone. Aliyaona. Wazee wakaamua jeneza lisifunguliwe. Mama huyo, Bibi Dina, alisema, "Nionyesheni uso tu, uso peke yake," wakamshika mikono. Chediel akazikwa bila kuagwa. Baada ya mazishi Alute aliiosha pikapu peke yake, akasugua bodi kwa sabuni ya unga, na watu wakasema kweli huyu ni ndugu.

Tangu hapo Bibi Dina kila akipanda pikapu alijifunika pua kwa ncha ya kanga.

Sasa miezi ilikuwa imepita, gari limeanza kujishika, na Jumamosi wazee wa ukoo walikuwa wanakaa. Neno lilikwisha kuzunguka: marehemu hajaridhika, Alute amrithi mjane pamoja na pikapu. Pikapu ndiyo iliyomlisha Loyce na mtoto wake Peniel. Na huyo mtu, Mungu amsamehe, Loyce hakuweza hata kunywa maji kwenye kikombe alichokishika. Alilotishika nalo zaidi ni kwamba mama mkwe naye alianza kulegea.

"Pengine mwanangu ana neno, mama Peniel," Bibi Dina alimwambia jikoni. "Alivyoondoka vibaya vile."

Loyce alisali, kisha akaangalia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila jicho lake halikuachia kitu. Akaona gari linajishika pia sokoni Iguguno. Linajishika kwenye lango la kanisa, mchungaji akiwa amesimama pale pale. Popote alipopunguza mwendo na kukata kona. Likiwa kasi, halina habari. Marehemu gani anaogopa mwendo? Siku mbili kabla ya kikao akaaga kwamba anapeleka vitunguu, akaenda mjini kwa fundi Ignas.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu linajifunga breki lenyewe."

Ignas hakucheka. Alizunguka magurudumu, akatazama kama matairi yote ni ya saizi moja, akapima upepo, akahakikisha usukani umekaa sawa. "Tairi moja likiwa dogo, gari la namna hii linadanganyika," alisema. "Lakini haya ni ndugu wa tumbo moja." Akachomeka mashine ya kupimia gari chini ya dashibodi, akampa Loyce kioo chake akishike. "Mimi naendesha. Wewe nisomee mwendo wa kila gurudumu."

Loyce akasoma kwa sauti ya darasani. Ishirini, yote manne. Ignas akapunguza. Kumi na mbili, yote manne. Akapunguza tena, akakata kona ya kurudi gereji.

"Nane, nane, nane," Loyce alisema. "Na hili la mwisho linasema sifuri."

Hapo hapo taa ikakonyeza, kitu kikagugumia nyuma.

"La mwisho ni la nyuma kushoto," Ignas alisema. "Twende tukaliulize."

Alipiga jeki, akavua gurudumu, akafungua ngoma ya breki na kuvuta haba, kile kitovu cha gurudumu. Harufu ikatoka kabla ya macho kuona kitu. Ignas akageuza uso, akatema mate, akajifuta mdomo kwa bega.

Ndani kulikuwa na uji mzito wa kijivu, umeganda kama ukoko wa sufuria. Chumvi ilimetameta humo. Kulikuwa na mafuta yaliyochacha, manyoya mafupi mekundu ya ng'ombe, na maganda makavu ya funza yamejipanga kwenye meno ya pete ya chuma. Meno mengine kutu ilikuwa imeyamaliza.

"Samahani, mama. Gari hili mnabebea nini?"

"Alizeti. Vitunguu. Watu."

"Hii ni chumvi ya ngozi mbichi." Alikwangua kidogo kwa bisibisi. "Kila gurudumu lina pete hii, na sensa, kijicho cha umeme kinachohesabu meno yakipita. Hapa sensa imezibwa na meno yamelika, kwa hiyo ukienda polepole haioni kitu. Gari linaambiwa gurudumu moja limesimama na matatu yanazunguka. Linaamini linateleza. Linafunga breki na kukata nguvu ili likuokoe."

"Liniokoe na nini?"

"Na hakuna kitu, mama. Limedanganywa."

Lakini Loyce alitaka kujua kwa nini gurudumu hilo peke yake. Ignas akalala chali, akaingia chini, akapapasa. "Aa. Kuna tundu. Limetobolewa kwa drili ili maji ya ngozi yachuruzike yasituame kwenye bodi. Yalikuwa yanadondokea hapa hapa."

Kidole cheusi cha fundi kikajitokeza juu ya bodi, kwenye pembe ya nyuma kushoto, kikachezacheza.

Loyce alikitazama kidole kile. Kisha akatazama ardhi chini yake, na akaona matone ya siku ile, ya rangi ya kutu, na majivu juu yake. Hayakutoka katikati, lilipolala jeneza. Yalitoka pembeni. Hapa.

Akaketi kwenye tairi. Siku zote hizo alikuwa akijilazimisha kuamini kwamba harufu ile ilitoka kwenye mwili wa mume wake. Alikuwa ameuosha kwa mikono yake kule hospitali, ukiwa safi, kabla ya kutangulia nyumbani kwa basi, na bado aliamini.

"Badilisha hiyo pete," alisema. "Hiyo mbovu nitilie kwenye kopo, na huo uchafu wake wote. Tundu usilizibe."

Jumamosi Alute alichinja mbuzi. Wazee walikaa sebuleni kwa Bibi Dina, nyama inatokota nje, na Alute akasema maneno mazuri kuhusu damu ya kaka yake isiyotakiwa kupotea. "Hata gari linasema," alimalizia.

Loyce aliinuka, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akaweka kopo kwenye mkeka na kulifunua.

"Mama, nakuomba unuse."

"Kitu gani hicho?" mzee mmoja aliuliza, lakini harufu ilikwisha kumjibu, akavuta kiti nyuma.

Bibi Dina aliinama. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Hii ndiyo harufu ya mwanangu."

"Si yake, mama. Ni ya ngozi. Imetoka kwenye gurudumu la pikapu. Kwenye bodi kuna tundu la kuchuruzia maji ya ngozi, na sikulitoboa mimi. Ndilo lililodondosha siku ile. Mwenye macho akatazame, lipo nje."

Wote wakamgeukia Alute. Alijilamba midomo.

"Zilikuwa chache tu," alisema. "Nilizitandika chini ya jeneza, nikatoboa bodi ili maji yashuke, nikafunika turubai. Si kwamba nilimkosea heshima kaka. Gari lenyewe lilikuwa linarudi tupu."

Nje mfuniko wa sufuria ulilia.

"Tupu," Bibi Dina alisema. "Na mwanangu je?"

Bibi Dina akasimama, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono. Akainawa tena kwa mchanga. "Huyu asimguse mama Peniel," alisema akiwa amewapa mgongo. "Wala chombo chake chochote. Na asiniamkie."

Wazee waliondoka mmoja mmoja bila kula. Nyama ikapoa, mafuta yakaganda meupe juu ya mchuzi, nzi wakatembea juu yake, na hata mbwa wa jirani aliyekuja kunusa hakufukuzwa.

Jumapili Loyce alimpakia mama mkwe mbele. Walipofika kwenye makaburi alipunguza, akakata kona. Taa ya njano ililala. Bibi Dina alikuwa amekwisha kuinua ncha ya kanga kuelekea puani, kwa mazoea.

"Simama hapa," alisema.

Loyce akakanyaga breki. Mama mkwe akaishusha kanga, akavuta hewa kwa pua, polepole, akiwa ametazama kaburi. Akavuta tena.

"Uso wake ulikuwaje, ulipomwosha?"

"Ulikuwa safi, mama. Kama amelala."

Bibi Dina akafungua mlango, akateremka kuelekea kaburini, na Loyce akazima injini.