Wanaoruka Kamba Nyuma ya Ukuta

Fundi wa sare za shule aliingiwa na wasiwasi msimu ule aliposhona kaptula mpaka mgongo ukamuuma, na sketi hakuna aliyeagiza. Mtaa mzima ulijaa wavulana watupu. Watu walitania, "Huku kwetu ni madume tu!" Yeye hakucheka. Alikuwa mjamzito.

Mama mkwe wake alijulikana kwa kuzaa wana wa kiume watupu. Mtaani walimwita Mama Madume, na hapakuwa na shughuli iliyoanza kabla hajaketi. Ndiye aliyempeleka kwa daktari wa kipimo. Picha ilipotoka, daktari alimnong'oneza bibi yule pembeni, kisha wakaambiwa wasubiri kuitwa chumba cha ndani.

"Usinune, mwanangu," bibi alimwambia. "Kuitoa ni kufumba na kufumbua tu. Mwakani utapata dume lako, nawe uheshimiwe."

"Lakini mama, mume wangu anajua?"

"Ya wanawake tunayamaliza wenyewe."

Hapo ndipo fundi alipowasikia: watoto wa kike, wengi, wakicheka na kuruka kamba nyuma ya ukuta. Kamba ilichapa chini, pa, pa, pa.

"Dada, huko nyuma kuna shule?" alimuuliza mhudumu.

"Shule ya wapi? Jengo la jirani limetubana. Hata paka hapiti."

Kamba ikanyamaza. Sauti moja ikaja karibu kabisa, kana kwamba mdomo umegusa ukuta.

"Mama, umekuja kunichukua?"

Fundi alishika tumbo. Lakini aliyejibu ni mama mkwe, taratibu, kama anayeota.

"Hapana, mwanangu. Nimeleta mwingine."

Neno lilipomtoka, mwenyewe aliruka kitini. Alimkamata fundi mkono, wakatoka mbio mbio mpaka barabarani. Huko bibi yule alisimama katikati ya watu, akihema.

"Kabla ya mumeo nilizaa binti," alisema. "Mama mkwe wangu akamtoa chumbani ningali kitandani, akarudi mikono mitupu. Nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza."

Nyumbani, wanawe walikuwa mezani wakisubiri habari.

"Ni wa kike, na atazaliwa. Mwenye neno aniambie mimi."

Wanawe wakainamia sahani zao. Nje, hata hivyo, maneno hayakukosekana. Waliokuwa wakimpisha kiti wakaanza kumpita kama hawamwoni, na lile jina la Mama Madume likawa la kumsuta.

Mtoto alizaliwa salama, akilia kwa nguvu zake zote. Mama mkwe alimpokea, akamwinamia, akamwita kwa jina ambalo fundi hakuwahi kulisikia katika nyumba ile.

Kichanga kikanyamaza papo hapo, kikageuza uso kumtazama.

Fundi hakuuliza jina lile lilikuwa la nani.